Ngozi Mbichi Kwenye Ekseli

Kaka yangu aliamini kwamba gari huvunjika kwa sababu halijafungwa chuma cha kutosha. Likivunjika, anaongeza chuma. Likivunjika tena kwa uzito wa chuma hicho, anaongeza kingine cha kushikilia kile cha kwanza. Sikuwahi kumwona akipunguza kitu. Wala hakuwa peke yake. Wanaume wote wa nzengo yetu, yaani majirani wa kijiji kwa Kisukuma, walikuwa na imani hiyo hiyo, na waliishika kwa nguvu kuliko walivyoshika dini yoyote iliyowahi kuletwa kwetu.

Siku hizi namsikia mjukuu wangu akilisifia gari lake, jinsi fundi alivyolitia vyuma chini ili lipite porini bila kuumia. Anasema ni ujuzi mpya. Namwacha aseme. Mimi ujuzi huo niliuona miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala, hapo kwetu karibu na Kagongwa, na niliukalia kwa matako yangu mwenyewe mpaka Ushirombo. Au tuseme mpaka karibu na Ushirombo.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu. Kaka alilipata kwa Mhindi mmoja mnunuzi wa pamba aliyekuwa anahama. Mhindi akaondoka na ng'ombe wa baba, sisi tukabaki na pikapu, na nadhani yule bwana alicheka njia nzima.

Nieleze kwanza nilikuwa nangoja nini, maana bila hilo mtu atadhani nilikuwa na chuki na gari tu. Nilikuwa nimeolewa. Mume wangu alikuwa mtu wa mbali, hana ndugu upande wetu, na alifanya kazi shimoni kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita. Alikuwa amepewa chumba kwenye mstari wa nyumba za wafanyakazi. Chumba kipo, mume yupo, mimi niko kwa baba nasonga ugali. Mama alikuwa ameumia nyonga, hawezi kuinama wala kubeba maji, na baba alitamka kwamba sitatoka pale mpaka kaka aoe, nyumba ipate mwanamke mwingine. Mtoto wangu alianza kutembea baba yake hajamwona hata akisimama. Kwa hiyo harusi ya kaka ndiyo ilikuwa safari yangu. Kaka akioa, naenda Geita. Asipooa, nabaki na mtungi kichwani mpaka meno yaanguke.

Mchumba alikuwa binti wa wakulima Wakatoliki wa Ushirombo. Ng'ombe walishapelekwa, nao ni wale wale waliotolewa kwa ajili yangu. Ndivyo mambo yalivyokwenda kwetu, dada anaolewa, kaka anaoa kwa miguu ya dada. Baba wa binti alikuwa mtu wa maneno machache. Kaka, badala ya kunyamaza, alimwahidi kwamba binti yake hatatoka pale kwa miguu wala kwa baiskeli, atatoka amekaa ndani ya gari kama mke wa bwana shauri, yule mzungu wa wilaya. Yule mzee akamwambia, "Mimi sijaomba gari. Nimeomba siku."

Siku ikapangwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Baada ya hapo Kwaresima inaingia na padri hafungishi ndoa. Mzee akasema wazi kwamba Jumamosi hiyo ikipita bila mwoaji kanisani, ng'ombe watarudi walikotoka na binti ataposwa na mwingine. Mtu mwenye akili angesikia hapo neno moja tu, Jumamosi. Kaka alisikia neno gari.

Na Majivu huangukia katikati ya mvua. Mwaka uliotangulia, wakati wa kiangazi kikavu kabisa, kaka alikuwa ameshaikata ekseli ya nyuma, yaani ule mti wa chuma unaoshika magurudumu ya kulia na kushoto. Aliigonga kwenye kisiki. Kisiki hicho nacho kina mambo yake. Huko nyuma serikali iliwachukua wanaume wa kwetu kwenda kufyeka pori, ili mbung'o wakose kivuli na waache kuua ng'ombe. Bwana pori aliyewasimamia aliwaambia wakate miti chini kabisa. Alipogeuka, wao wakakata wakiwa wamesimama, kisiki kinabaki kimo cha goti, kwa sababu kuinama kunaumiza mgongo. Nyasi zikaota zikavifunika vyote. Kaka alikuwa miongoni mwa wakataji. Mtu huyo huyo aliyeviacha visiki kwa uvivu wa mgongo ndiye niliyemkuta amelala chali chini ya gari akiuliza ni mjinga gani aliyekata miti namna ile. Nilimtajia. Hakucheka.

Ekseli nyingine aliitoa kwenye gari bovu huko Shinyanga. Fundi wa Shinyanga, badala ya kumwambia aendeshe polepole, alimwuzia mabamba ya springi yaliyotoka kwenye lori, akayapachika juu ya yale ya zamani. Gari likarudi limeinua mgongo kama paka aliyekasirika. Kaka akaona ni heshima.

Mume wangu naye, aliposikia habari za gari, akajiunga nao. Nilikuwa nimempelekea salamu kwamba harusi imekaribia, ajiandae kunipokea. Akatuma mzigo kwa lori lililokuwa linarudi. Nilikimbilia barabarani nikidhani ni doti ya kanga. Ilikuwa kipande cha reli ya yale mabehewa madogo ya mgodini, kimepinda, kilishatupwa. Alikuwa amemtumia kaka. Chuma kilifika salama kutoka Geita, mimi kwenda Geita ndiyo ilikuwa haiwezekani. Kaka alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea kichanga, akakifunga kwa bolti chini ya ekseli ya mbele.

Baada ya hapo wakaja majirani kila siku na shauri lao. Ukitoka nje asubuhi unaona miguu ya wanaume imejipanga chini ya gari, mingine myembamba, mingine ina nyufa, mmoja una kidonda, na sauti zinatoka kule chini kama za watu walio kisimani. Mashamba yao yalikuwa yanaota magugu. Wake zao walikuwa wanapita na majembe wakiwasalimia kwa adabu, wao wanaitika bila kutoa kichwa.

Baba ndiye aliyewazidi wote. Katikati ya ekseli ya nyuma kuna boga la chuma lenye meno ndani, wanaliita difu, na hilo ndilo linaloning'inia chini kuliko vyote na kugongwa na visiki. Baba akasema difu linahitaji kitu cha kutangulia, kitu chenye ncha, kikipige kisiki kabla kisiki hakijalipiga. Alikuwa na plau moja ya kukokotwa na ng'ombe, ya kwanza katika nzengo yetu, na watu walikuwa wakija kuiangalia. Akaufungua ulimi wa plau, kile chuma chenyewe kinachopasua udongo, akaufunga mbele ya difu. Mvua zimeshaanza, kila mwanamke yuko shambani. Nilimwuliza tutalima na nini. Akaniambia wanawake hatuelewi mambo ya chuma. Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono, na aliyelishika hakuwa baba.

Sasa plau haina ulimi, wakaona ng'ombe wa kulimia hana kazi. Wakamchinja. Walisema ni kwa sababu ya ngozi, na hapa ndipo Usukuma wetu ulipotuponza. Kwetu ngozi mbichi ni dawa ya kila kitu. Mpini wa jembe ukipasuka, unauzungushia ukanda wa ngozi mbichi, unauweka juani, ngozi inakauka na kubana mpaka mpini unakuwa mgumu kuliko ulivyotoka porini. Kigoda hivyo hivyo, kitanda hivyo hivyo. Wakasema, kama inashika mpini itashindwaje kushika ekseli? Wakaikata ile ngozi kanda ndefu, manyoya yake bado yapo, wakaizungushia ekseli ya nyuma pamoja na springi zake, kushoto na kulia, raundi kwa raundi, wakiivuta watu wawili wawili huku wanaimba kama wako kwenye palizi. Gari likaachwa juani. Nzi wakaja kutoka kila upande wa wilaya.

Ilipokauka, kaka aliigonga kwa jiwe na ikalia ko, kama gogo. Wote wakatazamana wakaitikia kwa vichwa. Baba mdogo, mdogo wake baba, ambaye ndiye alikuwa aende kama msemaji wetu harusini, akasema sasa hata tembo akikalia hiyo ataumia yeye.

Mimi nilipandishwa nyuma siku ya kulijaribu, pamoja na mitungi ya maji, kwa kuwa niliona heri maji yaje kwa gari angalau mara moja. Zamani gari lile likipita kwenye shimo lilikuwa linadundadunda, unaruka, unarudi. Siku hiyo halikudunda. Kila shimo lilipanda moja kwa moja kutoka gurudumuni mpaka kwenye meno yangu. Springi kazi yake ni kucheza, na wao walikuwa wamezifunga zisicheze. Mitungi miwili ilipasuka. Niliposhuka nikamwambia kaka kwamba lile gari sasa ni jiwe lenye magurudumu. Akasema ndiyo, hicho ndicho alichokuwa anataka.

Tuliondoka Alhamisi. Mbele alikaa kaka na baba mdogo. Nyuma nilikaa mimi na mtoto mgongoni, na kuku, na sanduku la nguo za bibi harusi. Mama alibaki na jirani mmoja. Aliniaga akiwa amekaa mlangoni, akaniambia kwa Kisukuma nisirudi bila mwanamke wa kunipokea mtungi, kisha akasema tena kwamba akipatikana huyo mwanamke, mimi nisirudi kabisa. Nilimwelewa. Nilikuwa nimefunga nguo zangu zote kwenye kanga moja.

Kupita Kahama mvua ikaanza, na mbele tukakuta barabara imefungwa kwa mti. Wakati ule mvua ikinyesha walikuwa wanaweka kizuizi ili magari yasiiharibu barabara, na mlinzi wake hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alizunguka gari mara moja, pua juu. Akauliza tumebeba nini. Kaka akasema hatujabeba kitu, tunakwenda harusini.

"Basi kuna kitu kimekufa humo chini," mlinzi akasema. "Kizikeni kabla ya harusi."

Ilikuwa ngozi. Ilikuwa imeanza kulowa, na ngozi mbichi ikilowa inakumbuka kwamba ilikuwa ng'ombe. Baba mdogo akasema turudi tungoje kwenye vibanda vya Kahama mpaka barabara ikauke. Kaka akamwuliza hivi vyuma vyote alivifunga kwa ajili ya barabara? Akaikunja pikapu kulia, akaingia porini kwenye eneo lililofyekwa, lile lile la visiki.

Nitasema kweli. Visiki vile hatukuviogopa. Ulimi wa plau ulivigonga kweli kweli, na kila ulipogonga kaka alitoa kichwa dirishani akapiga kelele ya furaha, nami nyuma nilishika mtoto kwa mkono mmoja na kuku kwa mwingine nikiona nyota mchana. Tulifika kwenye vijumba vya watu jioni, tukapokewa vizuri, tukala, tukalala. Mbwa wa pale walikuwa wametufuata tangu tulipotokea, wote, wakubwa kwa wadogo, mikia inacheza. Niliwaona wakilala kulizunguka gari kama watoto wanaongoja sufuria iepuliwe. Nilimwambia kaka. Akasema ngozi ile imeshakuwa chuma.

Asubuhi upande wa kushoto haukuwa na ngozi hata kipande. Upande wa kulia ulibaki kwa sababu mbwa mmoja mwenye nguvu alikuwa amejilaza pale na hakumruhusu mwingine, naye alikuwa ameshashiba. Mwenyeji wetu alicheka mpaka akakaa chini. Baba mdogo alisema mbwa wa Kisumbwa, kabila la kule, hawana adabu, na mwenyeji akamjibu kwamba mbwa wana adabu sana, walingoja wageni walale kwanza. Kaka alichuchumaa kwenye gurudumu. Alizungushia kamba ya katani pale palipoliwa, macho mekundu, na sikumwona na macho hayo hata mama alipoanguka.

Tukaendelea. Upande mmoja wa gari sasa unacheza, mwingine hauchezi hata kidogo, tunakwenda tumeinama kama mtu mwenye jipu. Mchana tukafika kwenye mbuga, yaani ule udongo mweusi wa bondeni unaonata kama ugali wa mhogo mvua ikinyesha. Kaka akaingia kwa kasi. Kwa kitambo kidogo tukaenda. Halafu ulimi wa plau ukakumbuka kazi yake.

Ulilima. Nilitazama nyuma nikaona mtaro umefunguka, safi, umenyooka, udongo umegeukia upande mmoja vizuri kuliko baba alivyowahi kulima maisha yake. Na plau, kama hakuna mtu wa kuishika kwa nyuma, inazama. Ikazama. Gari likasimama, magurudumu yanazunguka, matope yananifika usoni.

Baba mdogo akashuka na mimi nikashuka. Nilitazama chini, nikaona mambo yalivyo. Mtoto yeyote wa mkulima angeona. Nikamwambia kaka aufungue ule ulimi, gari litatoka.

"Ukitoka huo, difu litalindwa na nini?" akauliza.

"Na nini tena? Hapa hakuna kisiki. Hapa ni matope."

"Mbele vipo."

"Mbele kuna kanisa, kaka. Kesho."

Akarudi ndani, akakanyaga mafuta. Injini ikalia, upande wa kamba ya katani ukaruka, upande wa ngozi ukagoma, na kati yao ekseli ikakatika. Nimesikia mifupa ikivunjika na nimesikia miti ikianguka. Sauti ile ilikuwa ya kitu kilichovutwa pande mbili na watu wasiosikilizana.

Ilikuwa Ijumaa, jua linateremka. Baba mdogo akasema tutembee, Ushirombo si mbali, tutafika tumechoka lakini tutafika. Kaka alikuwa amekaa kwenye kibao cha kupandia, amekumbatia magoti. Akasema yeye hawezi kuliacha gari. Watu watakuja walifungue bolti zote. Reli ile haipatikani popote, springi zile haziko hata Shinyanga. Sisi twende, tumwombe mzee asogeze siku.

Nilimfikiria yule mzee na ile siku yake moja. Nikafikiria chumba cha Geita. Nikamwambia, "Kama huwezi kuliacha, basi lioe hilo," nikafunga mtoto mgongoni vizuri, nikaweka mzigo wangu kichwani, nikaondoka. Sikulia na sikugeuka. Baba mdogo alinifuata akinung'unika kwamba, mayu, usiseme na kaka yako hivyo. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na aliniita hivyo kila alipotaka nipoe. Sikupoa.

Tulifika kwa kina binti giza linaingia, matope mpaka kiunoni. Mzee alikuwa uani na kaka wawili wa bibi harusi, wanapasua kuni za karamu. Nikapiga goti nikamwamkia. Akaitika marahaba, akatazama nyuma yetu, kisha akatazama tena.

"Mwoaji yuko wapi?"

Baba mdogo alianza hotuba, habari za mvua na mapenzi ya Mungu. Mimi niliona akiendelea hivyo ng'ombe watarudi Kagongwa kabla yetu. Nikasema, "Yuko mbugani, baba. Analinda ekseli."

"Ekseli nzima au imevunjika?"

"Imevunjika."

Mzee akaweka shoka chini taratibu. "Sasa analinda nini?"

Akamgeukia mwanawe mkubwa, akamwambia kesho asubuhi aende kwa rafiki yao anayewatunzia ng'ombe, awakusanye. Nilisimama pale nikihesabu kichwani njia ya kurudi kwa mama na mtungi wake.

Ndipo binti akatoka jikoni. Alikuwa anasikia yote. Hakuwa msichana wa kupendeza sana, ana mabega mapana na uso wa mtu anayefanya kazi. Akamwambia baba yake kwamba matangazo yameshasomwa kanisani, watu wameshaambiwa, na yeye hawezi kuwa kichekesho cha parokia kwa sababu ya chuma. Akamwomba ruhusa ya kwenda kumwuliza mwenyewe alfajiri. Baba yake akamwambia aende na kaka zake, na asichelewe Misa.

Walikwenda na baiskeli mbili. Mimi nilibaki kumenya viazi, sijui kama namenyea harusi au namenyea kitu gani. Yaliyotokea mbugani wifi alinisimulia mwenyewe miaka ya baadaye, naye si mtu wa kuongeza chumvi. Walimkuta kaka amelala chini ya gari, juu ya gunia, ameloa. Alipomwona mchumba wake akaanza kumweleza jinsi springi ya kulia ilivyogoma. Wifi hakulitazama gari. Alimwambia hivi: "Padri anaanza saa nne. Kama umechagua kukaa hapa, niambie sasa, nisiende kujisumbua kuvaa gauni." Kaka akauliza nani atalilinda gari. Wifi akasema hajui, yeye hajaja kuposa gari. Kisha akapanda kwenye keria ya baiskeli ya kaka yake mdogo akamwambia akanyage.

Baiskeli ya pili ilibaki pale, yule shemeji mkubwa ameshika usukani, anatazama angani. Kaka alikaa kidogo. Halafu akapanda.

Ndivyo alivyoingia Ushirombo mwanamume aliyeahidi kumchukua mke kwa gari. Kwenye keria, miguu imetanuka pande mbili, matope mpaka nyusi, anapelekwa kanisani na shemeji yake, na nusu ya parokia imesimama njiani. Nilimmwagia maji nyuma ya nyumba ya padri, nikampa shati la baba mdogo. Halikumfika mikononi. Alioa hivyo hivyo.

Jumapili waliporudi mbugani kuangalia mali, reli ilikuwepo. Springi zilikuwepo. Hakuna aliyegusa bolti hata moja, nani angetaka uchafu ule. Ngozi iliyobaki ilikuwa imeliwa, safari hii na fisi. Na ulimi wa plau haukuwepo. Kuna mtu alipita, akalitazama lile gari na vyuma vyake vyote, akachukua kitu kimoja tu chenye manufaa, akaenda kulima. Sijui alikuwa nani. Katika habari hii nzima ndiye mwanamume pekee ninayemheshimu.

Kaka akasema atakaa Ushirombo mpaka apate ekseli nyingine, kisha yeye na mkewe watarudi kwa gari kama alivyoahidi. Wifi akamwuliza mama mkwe wake anachotewa maji na nani. Kaka akasema jirani. Wifi akaingia ndani, akatoka na sanduku lake, akaniita pembeni. Alitaka kujua mama analalia upande gani, uji anaupenda mzito au mwepesi, na nyonga anakandwa kwa kitu gani. Nilimwambia yote, na nilipomwambia nilijisikia mabega yakipungua uzito moja baada ya jingine. Kaka alisogea, akawaomba mashemeji wamfungie ile ekseli iliyokatika kwenye keria mojawapo, wakawaonyeshe mafundi wa Kahama. Wifi akamwambia keria hiyo ina mtu. Akapanda, wakaenda zao mashariki, kaka zake wakipokezana kumwendesha, na baba mdogo nyuma yao anatembea na fimbo.

Mimi nilikwenda upande wa pili. Kulikuwa na wanawake waliokuwa wanapeleka udaga wa mhogo kuuza kwa watu wa mgodini, nikaungana nao, tukapita Buseresere, tukalala kwa watu, tukaendelea. Hakuna aliyezungumza habari za vyuma njia nzima. Walizungumza watoto na bei ya chumvi, na mmoja alikuwa na sauti nzuri akaimba nyimbo za kanisani.

Geita nilionyeshwa chumba na mke wa jirani. Mume wangu alikuwa bado shimoni. Chumba kilinuka soksi na taa ya mafuta. Nikafagia, nikabandika maji, nikamlaza mtoto kwenye kitanda chenye kamba zilizolegea, nami nikalala pembeni yake na matope yangu. Aliporudi alisimama mlangoni na kofia yake ya chuma mkononi, anamtazama mtoto aliyelala, kisha ananitazama mimi, na akafungua mdomo kuuliza. Nikamwambia aniulize chochote anachotaka, ila habari za gari angoje mpaka nimekula.